Kabla ya Kumwongezea Mazoezi: Damu na Chakula cha Mwanamichezo wa Kike Shinyanga na Geita

Msichana akianza kuburuza miguu kipindi cha pili, iwe Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga au kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hukumu hutoka upesi: hana pumzi, aongezewe mazoezi. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo hutangulia uchunguzi, na dawa yake huweza kuzidisha tatizo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Himoglobini ndiyo ibebayo oksijeni hadi kwenye misuli. Ikipungua, hata akikimbizwa alfajiri na jioni pengo halizibiki. Mwanamke wa umri wa hedhi huhitaji takriban miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamume 8 humtosha. Kwetu kuna mzigo wa ziada: kichocho kando ya Ziwa Victoria, na malaria, ambayo mwaka 2011-12 Geita ilikutwa kwa karibu theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa.

Nitaambiwa kwamba Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17, waliifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo la 2022 kule India, nao wamekulia ugali uleule. Ni kweli, na ni fahari. Lakini timu ya taifa hutuonyesha waliobaki. Walioacha mpira kimyakimya hawamo kwenye picha. Wengine watasema chakula bora ni cha wenye fedha. Nakubali nusu. Wingi wa chakula una bei, na hapo halmashauri na migodi haina pa kujificha. Mpangilio wake hauna bei kubwa: dagaa waliwao wazima na mifupa yao, choroko, dengu, mchicha uliokamuliwa ndimu, na chai isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Matobolwa mfukoni, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni wanga wa kutosha kabla ya mazoezi.

Pingamizi zito ni jingine. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza mwaka 2014, na tena 2023, hali ya mwanamichezo kula pungufu ya anachotumia, mwili ukabana matumizi: hedhi hukatika, mifupa hudhoofu. Husemwa kuwa ni maradhi ya wasichana wa Ulaya wanaojinyima ili wakonde. Mwili, hata hivyo, hauulizi sababu ya njaa. Tena hesabu ya nguvu inayoubakia mwili hutoa kwenye chakula nguvu ya mazoezi tu. Ilitungwa mahali ambako maji hutoka bombani. Binti wa Kishapu aliyebeba ndoo na kupalilia pamba kabla ya mazoezi ana deni lisiloandikwa popote. Na dalili kuu, hedhi kukosekana, ndiyo anayoificha zaidi, kwani hudhaniwa kuwa ni mimba, na hadi Novemba 2021 mwanafunzi mjamzito alifukuzwa asirudi katika shule ya serikali, na hofu haifutwi kwa waraka. Kwa hiyo swali la hedhi aulize muuguzi, faraghani, siku ileile ya kupima damu, kabla kambi ya mazoezi haijaanza. Na jibu lisimfikie mwalimu wa michezo wala mkuu wa shule bila ridhaa ya binti.