HAKI YA KUULIZA "YUKO WAPI?"

(Hotuba kwa waumini na wanamageuzi, Nyali, Mombasa)



Mara nyingi Marekani husifiwa kwa mahakama zake, nasi huhimizwa tuige. Leo twazipima sifa hizo kwa jambo lililoanzia hapa kwetu. Mwezi wa Februari 2007, Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa. Mwezi uliofuata, bila kushtakiwa, alikuwa mikononi mwa Wamarekani katika gereza la kijeshi la Guantánamo, kisiwani Cuba.

Iko kanuni kongwe, yenye asili ya Uingereza, ambayo Katiba ya Marekani huilinda: anayemshika mtu amlete mbele ya jaji na aeleze sababu. Serikali ya Rais George W. Bush ilidai kuwa kanuni hiyo haiwafikii wageni waliofungwa Guantánamo. Tarehe 12 Juni 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ililikataa dai hilo kwa kura 5 dhidi ya 4. Uamuzi huo twaupongeza. Lakini Mkenya mwenzetu alirudishwa nyumbani Desemba 2024, takriban miaka 18 tangu akamatwe, bila Marekani kumfungulia shtaka hata moja.

Funzo ni hili: haki hii hudaiwa siku ya kwanza, palepale mtu alipokamatwa, nayo hudaiwa na walio nje, kwa kuwa sauti ya aliye ndani haisikiki. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 23. Paulo alikuwa raia wa Roma mwenye haki zake zote. Hata hivyo aliokoka njama ya kuuawa kwa sababu mtoto wa dada yake alithubutu kuingia ngomeni na kutoa habari.

Wanamageuzi wanaujua uchungu huu. Mwaka 1988 Katiba yetu ilibadilishwa: majaji wakanyang'anywa kinga ya kazi yao, na mshukiwa wa kosa la kunyongwa akaweza kuwekwa korokoroni siku 14 kabla ya kumwona hakimu. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini kwa kudai vyama vingi. Hakuna jaji aliyesikiliza mashtaka yao, maana mashtaka hayakuwapo.

Katiba ya 2010 imetupa nguvu mpya. Kifungu cha 49 chaamuru aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi siku inayofuata ya kazi. Kifungu cha 25 chakataza kabisa kuipunguza haki ya kuletwa mbele ya jaji. Na kwa Kifungu cha 22, mtu aweza kwenda mahakamani kwa niaba ya mwenziwe asiyeweza kujitetea. Hatozwi ada ya kufungua kesi, na ikibidi, hata maandishi yasiyo rasmi hupokewa.

Wako watakaouliza: je, na mshukiwa wa ugaidi? Hatujasahau Machi 2014, waumini walipouawa kanisani Likoni. Ghadhabu yetu ni halali. Lakini mshukiwa aliyepotezwa hatoi ushahidi, na muuaji halisi hubaki huru. Jirani wa Kisauni akichukuliwa usiku, tusiulize kwanza anasali wapi. Tuulize yuko wapi.

Basi twawaomba: kila kanisa liteue watu wawili watakaokwenda kituo cha polisi siku iyo hiyo mtu akamatwapo. Waandike jina lake, saa aliyokamatwa, na jina la afisa aliyewajibu. Wakiambiwa hayupo, waende kituo kingine, kisha wamtafute wakili kabla ya jua kuchwa. Saa 24 hazimsubiri mtu.