Farasi nane ndani ya moto moja

(Maneno yaliyotolewa Butembo mbele ya wanachama wanaoomba mukopo wa kununua moto)



Wengi wenu mulirudi mikono mitupu, na sasa munaomba kasha yetu iwakopeshe pesa ya moto. Ni vizuri. Lakini kijana mumoja aliniuliza: "Ya CC nyingi ndiyo iko na nguvu zaidi, sivyo?" Si lazima. CC ni ukubwa wa nafasi ndani ya silinda. Nguvu inapimwa kwa farasi.

Kwetu hapa farasi ni mnyama wa picha tu, najua. Lakini James Watt wa Scotland aliuza mashine za mvuke kwa watu waliozoea farasi, ikabidi awaambie mashine moja inafanya kazi ya farasi ngapi. Leo tunahesabu hivi: farasi mumoja ni kuinua kilo 75 mita moja juu, kwa sekunde moja.

Mwaka 1894, kule München, Hildebrand na Wolfmüller walianza kuuza moto ya CC 1,488. Nguvu yake? Farasi 2.5 tu! Boxer ya 100, ile munapanda kila siku, iko na farasi karibu 8.

Sasa tuhesabu. Nane mara 75 ni 600. Moto kilo 110, motari 70, abiria 70, gunia ya mahindi 100: jumla 350. Kwa mulima, haiwezi kupanda juu zaidi ya mita 1.7 kwa sekunde, tena hiyo ni kwa karatasi, maana udongo wetu unakula sehemu yake. Ongeza abiria wa pili na gunia ya pili: farasi ni wale wale nane, lakini sasa ni mita 1.15 hivi. Motari anabaki vitesi ya kwanza, injini inalia. Na injini hizi zinapozwa na upepo wa mwendo. Mwendo ukikosa, upepo unakosa, pistoni inaharibika. Deni ya kasha, yenyewe, haipungui.

Kuteremka je? Hapo farasi hawasaidii kitu, ni freni. Waulize watu wa chukudu.

Kwa hiyo mukienda kununua, ombeni karatasi inayoonyesha nguvu. Ikiandikwa kilowati, kilowati 1 ni farasi 1.36. Na mulizeni fundi wenu kwanza kama vipuri vyake vinapatikana sokoni.