Nyonga ya Mzee na Wajibu wa Askari

Kwa miaka mingi kuvunjika nyonga uzeeni kulihesabiwa kuwa balaa la Ulaya na Marekani. Uchunguzi wa Daktari Louis Solomon, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba Waafrika wa Johannesburg walivunjika nyonga kwa nadra sana kuliko Wazungu. Tangu hapo wengi katika nchi za kusini mwa Afrika wakajiona salama.

Hapana shaka usalama huo umepungua. Waafrika sasa wanaishi miaka mingi zaidi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo mifupa inavyodhoofika. Mwaka 1992 wataalamu walikadiria kwamba nyonga zilizovunjika duniani kwa mwaka zilikuwa kama milioni 1.7 mwaka 1990, na kwamba zingeweza kupita milioni 6 ifikapo mwaka 2050. Nchini Zimbabwe, watafiti waliohesabu wagonjwa wa nyonga mjini Harare katika miaka hii ya 2020 walikuta kwamba wazee wengi walivunjika kwa kuanguka tu kutoka kimo cha kusimama. Tena wengi walichelewa kufika hospitali, baadhi yao kwa zaidi ya majuma mawili.

Kuchelewa huko ni hatari kubwa. Mzee anayelala chali kwa majuma kadhaa hupata vidonda vya mgongoni, nimonia, na damu kuganda miguuni. Hata katika nchi tajiri, yapata mmoja katika kila wanne au watano hufariki kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2011 unataka mgonjwa apasuliwe siku anayopokewa au siku inayofuata. Pale ambapo jamaa hutakiwa kununua wenyewe chuma cha kuungia mfupa, siku hizo hupita wakichangishana, na binti wa nyumba huacha shamba ili kumwuguza mzazi.

Jambo hili lawahusu askari. Mara nyingi ajali inapotokea kijijini, askari ndiye huitwa kwanza. Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, na mguu wake ukaonekana mfupi uliogeukia nje, yafaa achukuliwe kuwa amevunjika nyonga. Asisimamishwe wala asikandwe. Mguu ulioumia ufungwe pamoja na ule mzima, mto ukiwa katikati, kisha abebwe kwa machela hadi hospitali siku ile ile.

Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mifupa ya uzeeni hujengwa ujanani, kwa mazoezi, maziwa na dagaa, na hubomolewa kwa sigara na pombe. Nyumbani kwa wazazi, taa njiani kuelekea msalani, sakafu isiyoteleza, mkongojo imara na macho yaliyopimwa ni kinga ya gharama ndogo. Askari anayekwenda likizo aweza kuyatengeneza hayo kwa siku moja, na kumwepusha mzazi wake na kitanda cha miezi mingi.