Tangawizi: Tujue Nguvu Yake na Mwisho wa Nguvu Yake

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika na wanakisomo. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumesimama mbele yenu kwa jambo moja. Kikundi cha akina mama kimeanza kukamua tangawizi na kuitia katika chupa. Kazi ni nzuri, tunawapongeza. Sasa limezuka shauri la karatasi ya kubandika kwenye chupa. Wapo wanaotaka tuandike kwamba maji haya yanatibu malaria, presha, kisukari na nimonia, ati ndivyo yatakavyonunuliwa upesi. Sisi tunasema hapana. Na sababu tutazieleza, maana kukataa bila kueleza si uongozi.

Kwanza tuijue mali yetu. Sisi watu wa milima ya Upare, hapa Same, tunalima tangawizi kwa maji ya ndiva na mifereji. Tunaivuna kwa jasho, halafu tunaiuza mbichi kwa lumbesa, na bei anapanga mnunuzi. Lakini katika kilo 5 za tangawizi mbichi, karibu kilo 4 ni maji matupu. Ukikausha vizuri unabaki na kama kilo 1. Kwa hiyo tunapakia maji kwenye lori! Ndiyo maana tunasema tukaushe, tusage, tukamue, faida ibaki kijijini.

Ule ukali unaouma ulimi wataalamu wanauita jinjeroli. Tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, nayo ni kali zaidi. Basi msishangae unga kidogo tu kuwasha hivyo. Harufu ni kitu kingine, imo katika mafuta yake. Viwandani hupitisha mvuke kwenye tangawizi, mvuke ukabeba mafuta, ukipoa mafuta yanajitenga na maji. Mafuta hayo yananukia lakini hayawashi. Wakitaka harufu na ukali pamoja, huloweka unga katika spiriti, halafu spiriti ikaondolewa, ukabaki utomvu mzito wa kahawia wa kukolezea vinywaji na biskuti. Hiyo ya spiriti tusiijaribu nyumbani, jamani. Inashika moto upesi, na spiriti nyingine ni sumu.

Yetu ni hii. Osha, kwangua maganda, twanga, kamua kwa kitambaa safi. Acha maji yatulie; chini utaona kitu cheupe, huo ni wanga. Mimina taratibu, wanga ubaki. Chemsha pamoja na sukari na ndimu, tia yangali ya moto katika chupa zilizochemshwa. Usipofanya hivyo yatachacha. Ya kukausha, kata vipande vyembamba, anika juu ya chanja, si chini. Ikiota ukungu itupwe, maana ukungu unaweza kuleta sumukuvu.

Akina mama wengine wanalalamika kwamba chai ya tangawizi inakata maziwa. Si uchawi, wala maziwa si mabovu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na hichohicho ndicho kinacholainisha nyama ngumu ukiipaka kabla ya kupika. Chemsha tangawizi na maji kwanza, ndipo utie maziwa. Moto unakimaliza nguvu.

Sasa tuje kwenye dawa. Hatusemi wazee wetu walikosea. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mimea ya dawa, na tangawizi imo. Inasaidia kichefuchefu, hasa cha safarini na cha mimba changa. Utafiti mwingi wa wajawazito ulitumia kama gramu 1 ya unga kavu kwa siku, wala si vikombe juu ya vikombe. Mjamzito amwambie muuguzi wa kliniki kwanza. Kikombe cha moto pia kinaliwaza koo mtu akiwa na mafua. Ila ukizidisha utapata kiungulia. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande, asinywe kwa wingi bila kumwuliza daktari.

Mwisho wa nguvu yake ndio huo. Malaria haiui. Nimonia haitibu. Mwenye presha au kisukari akiacha vidonge kwa sababu ya chupa yetu, tutakuwa tumemdhuru sisi.

Hatusemi haya kwa kusikia. Masika ya mwaka 2022 tulipita nyumba moja hapa kijijini. Mtoto wa miaka miwili alikuwa anakohoa, anahema mbio, mbavu zinaingia ndani. Sisi, viongozi kabisa, tulikaa tukanywa chai, tukamwambia mama yake, "Mpe tangawizi na asali, kesho atacheza." Mama akatusikia, kwa kuwa ni sisi tuliosema. Usiku wa pili mtoto alishushwa mlimani kwa machela katika mvua. Ilikuwa nimonia. Alipona, tunashukuru, lakini alikuwa amebakiza kidogo tu. Mama yule hakutulaumu. Afadhali angetulaumu.

Kwa hiyo tukumbuke: mtoto anayehema mbio, anayeingia mbavu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au anayeshikwa na degedege, hapewi tangawizi kungoja kuche. Anapelekwa zahanati saa hiyohiyo. Mwenye homa apimwe malaria, akiwa nayo apewe dawa mseto.

Ndugu wanakisomo, hili linatuhusu sisi zaidi. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani anaiheshimu sana karatasi. Kilichoandikwa anakiamini. Tukiandika uongo kwenye chupa, tutakuwa tumechukua herufi tulizofundishana kwa taa ya chemli, tukazitumia kumdanganya mwenzetu. Hata sheria haituruhusu: chakula kiko chini ya TBS, na tiba asili ina baraza lake.

Tunapendekeza karatasi iandikwe hivi: MAJI YA TANGAWIZI. KINYWAJI. Vilivyomo: tangawizi, maji, sukari, ndimu. Tarehe ya kutengenezwa. Jina la ushirika wetu. Basi. Atakayekunywa akaona utamu, atarudi. Biashara ya namna hiyo haifi.

Shauri hili litapigiwa kura mkutano ujao. Asiyekubaliana aje aseme mbele ya wote, asiseme kilabuni. Zamani tulihimizana kwamba mtu ni afya, na neno hilo halijazeeka.

Ushirika ni nguvu.