Kwa Nini Barabara za Mabondeni Hudidimia
(Hotuba kwa wananchi wa Kata ya Msasani)



Mmeuliza mara nyingi: kwa nini barabara ipitayo bondeni hujazwa kifusi, ikashindiliwa vema, kisha baada ya masika mawili matatu ikabonyea tena? Wengine husema fedha zimeliwa. Kuuliza ni haki yenu. Hata hivyo, liko jambo la ardhi yenyewe ambalo yatupasa kulifahamu.

Rungwe ni nchi ya majivu ya volkano, na sehemu nyingi za wilaya yetu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo hushuka mabondeni na kutuama ndani ya udongo laini. Tuta la barabara likiukandamiza udongo huo, maji hukamuliwa polepole, na kadiri yanavyotoka ndivyo barabara inavyoshuka. Kushindilia juu hakuyaondoi maji yaliyo chini. Tena, tabaka laini likiwa nene mara mbili, muda wa kudidimia huongezeka mara nne.

Hata mataifa tajiri hayajaepuka hali hii. Uwanja wa ndege wa Kansai, nchini Japani, uliofunguliwa mwaka 1994, umejengwa juu ya kifusi kilichomwagwa baharini kwenye mfinyanzi laini. Tangu ujenzi uanze, kisiwa hicho kimeshuka zaidi ya mita 10.

Basi, kuongeza kifusi kila mwaka si dawa: ni kuongeza mzigo, na mzigo mpya huanzisha kudidimia upya. Dawa ni kuuondoa udongo laini pale ulipo wa kina kifupi. Na pale ulipo wa kina kirefu, kulijenga tuta, kuliacha litulie, ndipo lami iwekwe. Kwa hiyo, mkiona tuta limeachwa kwa miezi kadhaa, msidhani limetelekezwa. Ulizeni limepangiwa kutulia hadi lini.

Nanyi mnayo sehemu yenu. Msipande migomba mitaroni wala kutupa taka penye kalavati, kwa kuwa maji yakikosa njia huingia chini ya barabara. Mkiona ufa au bonde jipya, mwarifuni mwenyekiti wenu mapema, ili taarifa ifike TARURA kabla ya masika. Barabara hiyo ndiyo apitayo mjamzito anayekimbizwa hospitalini usiku.