Paka wa Mtumishi Aliyehamishwa

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Ipililo, mkoani Simiyu)



Mtumishi akipata barua ya uhamisho hupakia kitanda, masanduku na hata kuku wake. Paka humwacha. Mimi mwenyewe nimepata kutenda hivyo, nikajipa moyo kwamba maadamu panya wapo, hatakosa chakula. Kama alikula panya tu, sikujishughulisha kuuliza.

Paka wa namna hiyo huhamia vichakani, na watoto wake hukua bila kumjua binadamu. Dume lao ndilo tuliitalo shume. Huwinda panya, naam, lakini pia mijusi, ndege na makinda. Katika nyika za kaskazini mwa nchi yetu yuko kwale mwenye kifua cha kijivu, ambaye hapatikani nje ya Tanzania, naye hutaga chini, majanini. Kifaranga wake ana kinga gani mbele ya shume?

Lipo jambo jingine lisiloonekana upesi. Paka pori, yule mwenye miguu mirefu na wekundu nyuma ya masikio, ni ndugu wa damu wa paka wa nyumbani. Wakikutana huzaana. Hakuna mzoga wala kelele, ila kizazi baada ya kizazi damu ya paka pori huchanganyika, na mwishowe atatoweka huku tukidhani bado tunamwona.

Tena yako maradhi. Wenyeji wa mkoa huu, unaopakana na Serengeti, hawana haja ya kusimuliwa mambo ya mbali. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini, uliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, yaani kiasi cha thuluthi moja ya wote. Waliokuwa wakimwona mbwa wa kijijini kuwa shauri la mwenyewe tu walijifunza vinginevyo. Paka naye hupata kichaa cha mbwa, na akiuma huambukiza.

Basi wako wasemao: tutege sumu, yaishe. Ndugu zangu, sumu haichagui. Bundi na tai wakila mzoga wenye sumu nao hufa, na mtoto anayeokota kitu asichokijua yumo hatarini. Wala kumwondoa paka si jambo jepesi kama tunavyodhani. Katika kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini, paka 5 walipelekwa mwaka 1949 ili wale panya. Kufikia mwaka 1977 walikuwa kiasi cha 3,400, wakiua mamia ya maelfu ya ndege wa baharini kila mwaka. Iliwachukua watu mpaka mwaka 1991 kuwamaliza. Baadaye panya wale wale wakaanza kuwatafuna makinda ya ndege wakiwa hai.

Mkulima wa hapa mwenye mahindi ghalani anamhitaji paka, na ana haki. Ninayemlaumu si yeye, ni sisi wenye mishahara na barua za uhamisho. Paka wa ghalani mwenye mwenyewe, anayelishwa jioni na kulala ndani usiku, hana sababu ya kwenda mbali. Afisa mifugo aulizwe juu ya kuhasi, na siku ya chanjo ya mbwa, paka naye apelekwe, hata ikibidi ndani ya kikapu kilichofunikwa.

Na kwa kuwa hatuhami bila kuandikiana hati ya kukabidhi nyumba, napendekeza tuongeze mstari mmoja. Huandikwa funguo, vioo vya madirisha, tangi la maji. Chini yake na iandikwe: paka, idadi yake, na jina la aliyempokea.