Mwanafizikia, Mteja na Maji ya Meru

Mwanafizikia anayeacha utafiti wa chuo na kuingia katika ushauri elekezi wa teknolojia hulaumiwa pande zote. Chuoni huambiwa amefuata pesa. Mtaani huulizwa, pamoja na shahada yake ya uzamivu, kama anaweza kutengeneza pampu. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili hazijatazama anachouza. Anauza kipimo, pamoja na maelezo ya kiasi ambacho kipimo hicho kinaweza kukosea. Bidhaa hiyo inahitajika hapa Arusha kuliko tunavyodhani, lakini huharibika upesi muuzaji akiachana na maabara. Kwa hiyo njia ya kutoka kwenye utafiti kwenda kwenye ushauri inapaswa kujengwa kama barabara ya kwenda na kurudi.

Tuchukue soko la kwanza, maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ambayo ingeinasa floridi na kuizamisha. Ikipungua, floridi hubaki majini. Matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya kahawia ya wakazi wa Ngurdoto na Maji ya Chai. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4 kabla ya kushuka. Kifaa kinachotumika sana kupimia ni elektrodi, ambayo haisomi miligramu bali volti. Kwenye nyuzi joto 25, floridi ikiongezeka mara kumi usomaji hubadilika kwa takriban milivolti 59. Maana yake kosa la milivolti 2, ambalo mpimaji aliyechoka atalipuuza, huzaa kosa la asilimia 8 kwenye jibu. Kisima kilichoandikiwa 1.45, kikahesabiwa kimefaulu, huenda kina 1.57. Tena kiasi hicho cha milivolti 59 hufuata joto: elektrodi iliyofanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo sanifu, kwenye chumba cha nyuzi 25 mjini, ikapelekwa kwenye chemchemi ya nyuzi 15 mlimani, inapaswa kuhesabiwa kwa milivolti 57. Mkemia makini anayajua haya yote, wala sidai kwamba fizikia ina siri yake hapa. Ninachodai ni kwamba fizikia humkomaza mwanafunzi kwa miaka katika kanuni moja, kuwa namba isiyoambatana na kiasi chake cha shaka haijakamilika, na kanuni hiyo ni adimu katika ripoti za miradi. Jiji hili limejengewa mradi wa maji wa takriban shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao moja ya sababu zake ilikuwa kupata vyanzo vyenye floridi kidogo. Uamuzi wa ukubwa huo hauwezi kuwa sahihi kuliko vipimo vilivyoutangulia.

Soko la pili limeumbwa na sheria. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo imeota mizizi hapa Arusha, inazitaka hospitali zenye mashine za eksirei ziwe na leseni, na leseni inahitaji mtu wa kupima mionzi inayovuja nje ya ukuta. Kuhusu taasisi za kushirikiana nazo ili mshauri asiachane na maabara, mji huu umebahatika: Chuo cha Ufundi Arusha, TEMDO inayosanifu mashine, CAMARTEC ya zana za kilimo, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Tengeru iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Askwar Hilonga wa Tengeru, aliyesomea teknolojia ya nano Korea Kusini, alishinda mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji. Yeye ni mhandisi wa kemikali, si mwanafizikia, lakini kampuni yake ilikua huku yeye akiwa bado mwalimu.

Pingamizi zito zaidi limetoka Uganda. Mwanazuoni Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Makerere, alionyesha jinsi soko linavyoweza kukitafuna chuo kikuu. Na baadaye akasisitiza kwamba katika ushauri mteja ndiye anayeleta swali, ilhali utafiti huanza kwa kulitunga swali lenyewe. Nakubali. Anayedhani vipimo vya maabara vimeepukana na hatari hii ajiulize nani huchagua kisima cha kupima, na katika msimu gani, masika au kiangazi. Mteja hawezi kuiamuru elektrodi, lakini anaweza kuamuru gari lisimame wapi. Dawa ninayoiona ni mpango wa uchukuaji sampuli uandikwe na mshauri, na data ghafi zibaki chuoni ambako mwanafunzi wa uzamili anaweza kuzichambua upya na kuuliza swali ambalo mteja hakulilipia.

Wahandisi nao wana hoja: mwanafizikia hana usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hivyo hawezi kusaini michoro yao. Na asisaini, afanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Linalonisumbua kuliko hoja hiyo ni upungufu wa walimu. Marekani ilipofuta mwaka 1993 mradi wa kichapuzi kikubwa cha chembe huko Texas, wanafizikia wengi walihamia benki na kampuni za kompyuta, na vyuo vyao vikaendelea kwa sababu ni vingi. Kwetu idara ya fizikia ikipoteza walimu wawili, kuna masomo yatakayokosa mfundishaji. Ndiyo maana napendekeza mikataba ya nusu muda, kazi ya ushauri ikihesabiwa katika kupandishwa cheo pale tu inapoacha data chuoni.

Mwisho, kila jedwali la ripoti liwe na safu ya kiasi cha shaka. Wapo wateja watakaoikataa kwa kuwa inaipunguzia ripoti uzito mbele ya wafadhili. Mshauri anayeishi kwa ankara peke yake ataifuta. Mwenye nusu ya mshahara wake chuoni anaweza kumudu kuikosa kazi hiyo.